Muhogo wa Leicester: Jiko la Waasia wa Uganda katika Baridi ya Uingereza

Historia ya kufukuzwa kwa Waasia wa Uganda mwaka 1972 imeandikwa zaidi kwa hesabu ya mali. Tunaelezwa habari za maduka yaliyoachwa yakiwa na bidhaa rafuni, viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilivyonyang'anywa wenyewe, nyumba zilizogawiwa wapya na akaunti za benki zilizofungiwa. Hesabu hiyo ni ya lazima, na baadhi ya madai yake hayajesha hadi leo. Lakini ipo mali nyingine ambayo haikuandikwa katika daftari lolote pale Entebbe, kwa sababu askari waliopekua masanduku hawakuiona kuwa ni mali: namna ya kupika. Katika makala haya nataka kuifuata mali hiyo kutoka Kampala na Jinja hadi miji ya Uingereza, katika majira ya baridi ya mwaka ule na ya miaka michache iliyofuata. Naamini jiko linatueleza jambo ambalo hati za uraia zimeshindwa kutueleza, yaani nani alihesabiwa kuwa mwenyeji wa Afrika Mashariki, na kwa masharti gani.

Tuweke kwanza matukio mahali pake. Tarehe 4 Agosti 1972, akihutubia wanajeshi mjini Tororo, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasi za Uingereza lazima waondoke Uganda. Muda waliopewa ulikuwa siku 90, na mwisho wake ukawekwa kuwa tarehe 8 Novemba. Katika wiki zilizofuata amri hiyo ilipanuliwa na kubadilishwa mara kadhaa, hata watu wengi waliojijua kuwa raia halali wa Uganda wakajikuta katika foleni za uhakiki, hati zao zikikataliwa kwa kasoro ya tarehe au ya karatasi. Kila familia iliruhusiwa kuondoka na fedha zipatazo paundi 50 za Uingereza, pamoja na mizigo michache.

Watu hawa hawakuwa wageni wa jana. Wapo waliotokana na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, hasa Punjab, kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901, ingawa vibarua wengi walirejea kwao kazi ilipokwisha. Walio wengi zaidi walikuwa watoto na wajukuu wa wafanyabiashara wa Gujarat na Kutch, waliokuja kwa nauli zao wenyewe na kuufuata mfano wa watu kama Allidina Visram, aliyeanzia Bagamoyo na kufungua maduka hadi Kampala. Kufikia mwaka 1972 familia nyingi zilikuwa na kizazi cha tatu kilichozaliwa hapa. Bibi alikuwa na kumbukumbu za kijiji cha Gujarat. Mjukuu hakuwa na kumbukumbu yoyote ila ya Ziwa Nyanza.

Neno "Waasia", ndugu msomaji, linatudanganya kidogo. Linafunika makundi ambayo kwa desturi hayakula sahani moja. Wahindu wengi na Wajaini hawakugusa nyama. Waismailia, Waithnaasheri na Waislamu wengine walikula nyama iliyochinjwa kwa taratibu zao. Wagoa walikuwa Wakatoliki na nguruwe hakuwa haramu kwao. Masingasinga walikuwa na desturi zao na mahekalu yao yenye jiko la jumuiya. Mtu aliyetazama meza hizi kutoka nje angeweza kudhani ni jamii moja yenye bizari moja. Aliyekaa nazo alijua jinsi zilivyotengana. Walipokutana ni katika vyakula walivyovikuta hapa: muhogo, ndizi za matoke, mahindi ya kuchoma, njugu, maharagwe na nazi iliyopanda kutoka pwani. Muhogo haukuwa na dini. Mhindu, Mwismailia na Mgoa wote waliweza kuula bila kuuliza mtu, ingawa Mjaini mshika dini huepuka mizizi. (Muhogo wenyewe, tusisahau, ni mhamiaji aliyetoka Amerika ya Kusini kwa merikebu za Wareno, sisi tunaouita chakula cha asili tumeusahau ubaharia wake.)

Basi ukazaliwa upishi ambao haukuwa wa Gujarat wala wa Buganda. Muhogo ulichemshwa, ukakatwa vipande virefu, ukakaangwa na kunyunyiziwa pilipili, chumvi na ndimu. Matoke, ambayo Waganda huyafunga katika majani ya mgomba na kuyaiva kwa mvuke hadi yakawa laini, yalimenywa na kutiwa katika mchuzi wa manjano, nyanya na tui. Kuku wa nazi, ambaye wao humwita kuku paka, alipanda kutoka Mombasa na Unguja hadi Kampala. Maharagwe yakapata mbegu za haradali na majani ya mchuzi. Njugu zikasagwa zikatiwa katika mchuzi na katika keki.

Nani alifundisha? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana vitabu vya mapishi hupapita haraka. Mke wa mwenye duka aliyetoka Kutch akiwa na miaka kumi na minane hakuzaliwa akijua kumenya muhogo kwa kuuchana ganda kwa urefu, kuubandua kwa kisu kwa pamoja na kuutoa uzi wake wa katikati. Hakujua ndizi ipi ni ya kupika na ipi ni ya kuiva. Aliyejua ni mpishi au yaya wa Kiafrika, ambaye alilala katika chumba cha uani, akaamka kuwasha makaa kabla hajaamka mtu mwingine, na kula baada ya wote kula. Naye akajifunza kusukuma chapati, kupepeta dengu, kupima bizari kwa kiganja. Pande zote mbili zilifundishana, lakini mmoja alikuwa analipwa mshahara mdogo na mwingine alikuwa anaulipa, na darasa lenyewe liliendeshwa kwa amri. Wale wanaoikumbuka Kampala ya kabla ya 1972 kama bustani ya watu wa rangi zote wangefaa waulize maoni ya mtu wa uani. Na wale wanaosema Amin alifanya haki kwa sababu ya unyonge wa mtu huyo wa uani wangefaa waulize naye alipata nini baada ya mwajiri wake kupanda ndege. Alipoteza kazi, na katika miaka iliyofuata alipanga foleni ya sukari na chumvi kama watu wengine.

Ndege ya kwanza ya waliofukuzwa ilitua Stansted, kaskazini-mashariki ya London, tarehe 18 Septemba 1972. Nyingine zikafuata hadi Novemba, na jumla ya watu wapatao 28,000 wakaingia Uingereza. Maelfu wengine walipokelewa Kanada, ambako walifikia katika kambi ya kijeshi ya Longue-Pointe mjini Montreal, na wengine India na nchi kadhaa za Ulaya. Tuangalie majira. Kampala iko karibu na mstari wa Ikweta, juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,200. Jua lake huchomoza na kuzama karibu saa ileile mwaka mzima. Kiswahili chetu kina neno "kipupwe" kwa miezi ya ubaridi, lakini kipupwe ni upepo mtulivu baada ya mvua za masika, wala hakimlazimu mtu kuvaa soksi kitandani. Wanawake walishuka ndege wakiwa wamevaa sari na viatu vya wazi. Wanawake wa Kiingereza wa shirika la kujitolea la Women's Royal Voluntary Service waliwangojea na marundo ya makoti ya mitumba. Picha za siku zile zinaonyesha vizuri: koti zito la sufu, kubwa kuliko mwili, na chini yake pindo la sari linaloburuza katika maji ya mvua.

Serikali ya Edward Heath ilikuwa imeunda Bodi ya Makazi ya Waganda, nayo ikafungua kambi 16, nyingi zikiwa za jeshi zisizotumika tena. Stradishall katika wilaya ya Suffolk ilikuwa kituo cha zamani cha ndege za kivita. Greenham Common ilikuwa Berkshire. Plasterdown ilikuwa pembeni mwa nyanda za Dartmoor, ambako ukungu hushuka mchana. Tonfanau ilikuwa Wales, mbele ya bahari kabisa, na upepo wa Ghuba ya Cardigan ulipiga vibanda vyake bila kizuizi. Mabweni yaligawanywa kwa blanketi na mapazia ili familia zipate faragha. Bafu na vyoo vilikuwa nje ya mabweni. Kwenda msalani usiku wa Novemba kulikuwa safari ya kuvaa koti.

Na chakula kilipikwa na wengine. Wapishi wa jeshi walijitahidi kwa walichokijua: viazi vya kuchemsha, kabichi ya kuchemsha, mkate mweupe, nyama ambayo wengi hawakuweza kuila kwa dini. Waliofika humo wanakumbuka zaidi kukosekana kwa ladha kuliko kukosekana kwa chakula, maana chakula kilikuwepo cha kutosha. Katika baadhi ya kambi wanawake waliomba kuingia jikoni na wakakubaliwa. Pilipili na bizari zikatafutwa. Mchele ukaanza kupikwa ukawa mchele.

Mahmood Mamdani, msomi wa Kampala ambaye leo anajulikana duniani kote, alikuwa mmoja wa waliofukuzwa. Alikaa katika kambi ya Kensington, London, na mwaka 1973 akachapisha kitabu From Citizen to Refugee. Hoja yake moja ninaiona ni ya msingi: mkimbizi wa kambini hafanani tu na mtu aliyehamishwa makazi; anafananishwa na mtoto, asiyetarajiwa kuamua jambo, anayesubiri kuelekezwa, na anayetakiwa kushukuru. Nikiisoma hoja hiyo hufikiria jiko. Mtu mzima anajijua kuwa mtu mzima kwa kuamua atakula nini na saa ngapi. Mwanamke aliyeendesha nyumba ya watu kumi mjini Jinja, aliyejua nani anapenda ndimu na nani haruhusiwi vitunguu, aliposimama katika foleni na sahani ya bati mkononi, alikuwa amenyang'anywa cheo ambacho hakuna serikali iliyowahi kukiandika. Vita vidogo vya kuomba kupika kambini vilikuwa vita vya cheo hicho.

Bodi ilitaka wakimbizi watawanyike. Iliigawa nchi katika maeneo mekundu, yaliyosemwa kuwa yamejaa, na maeneo ya kijani, yaliyosemwa kuwa na nafasi. Leicester ilikuwa nyekundu. Halmashauri ya jiji hilo ilifikia hatua ya kuchapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus tarehe 15 Septemba 1972, likiwataka Waasia wa Uganda, kwa faida yao wenyewe, wasije Leicester. Matokeo yalikuwa kinyume: wengi ambao hawakuwa wamewahi kulisikia jina la Leicester walilisoma hapo kwa mara ya kwanza. Jijini London wachukuzi wa Smithfield, soko kuu la nyama, waliandamana kupinga ujio wao. Lakini watu walikwenda kule kuliko na ndugu, na ndugu walikuwa maeneo mekundu, maana Waasia wa Kenya walikuwa wametangulia katika miaka ya 1967 na 1968, baada ya sheria za Kenya za uhamiaji na leseni za biashara, kabla Bunge la Uingereza halijawafungia mlango kwa sheria ya Machi 1968. Palipokuwa na ndugu palikuwa na mtu aliyejua wapi panauzwa manjano.

Nyumba zilizopatikana Leicester, katika mitaa ya Belgrave na Highfields, zilikuwa za matofali, nyembamba, zimeungana ukuta kwa ukuta, zimejengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda wa karne ya kumi na tisa. Nyingi zilikuwa na choo uani. Joto lilitoka katika chumba kimoja tu, kwa moto wa gesi au wa umeme uliolishwa sarafu katika mita, au kwa jiko la mafuta ya taa ambalo lilitoa joto, harufu na unyevu kwa pamoja. Maji yalitiririka ndani ya vioo vya madirisha. Mwezi wa Desemba jua la Leicester huzama kabla ya saa kumi jioni, na watoto hutoka shuleni giza likiwa limekaribia. Watu wakahamia jikoni. Familia ambayo Kampala ilikuwa na sebule, veranda na ua, sasa iliishi katika chumba cha kupikia kwa sababu ndicho kilichokuwa na moto. Katika majira ya baridi ya mwaka 1973 kuingia 1974, Uingereza ilipokumbwa na uhaba wa nishati na serikali ikaamuru viwanda vitumie umeme siku tatu tu kwa wiki, hata huo moto ukawa wa kubahatisha.

Kupika katika baridi ile kulidai elimu mpya. Mtindi haukuganda. Maziwa yaliyotiwa chachu yalikaa usiku kucha yakaamka yakiwa maziwa, hadi ikagunduliwa kwamba bakuli lapaswa kuviringishwa blanketi na kuwekwa kabatini, pembeni mwa tangi la maji moto. Unga wa dengu wa dhokla, ambao Kampala ulichacha kwa saa chache, ulihitaji usiku na mchana karibu na jiko. Achari ya maembe hukaushwa juani. Jua halikuwepo, na maembe mabichi hayakuwepo. Mafuta ya nazi yaligeuka jiwe jeupe ndani ya chupa. Nazi yenyewe haikupatikana kwa wepesi, wala mbuzi ya kuikunia, basi tui la kuku paka likatoka katika kipande kigumu cha nazi iliyoshindiliwa, kilichoonekana kama mche wa sabuni, kikayeyushwa katika maji moto. Mahindi ya Uingereza yalikuwa ya njano na matamu kama pipi. Mwenye kutaka mahindi meupe magumu ya kuchomea makaa alibaki na hamu yake.

Muhogo ulipatikana kwa njia ambayo inanifurahisha kama mwanahistoria. Waliowatangulia katika miji ile walikuwa Wakaribi, waliofika Uingereza tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, nao kwao hula muhogo, viazi vikuu na ndizi mbichi. Katika masoko kama Brixton na Ridley Road jijini London muhogo ulikuwepo, umepakwa nta ili usioze safarini. Ndizi mbichi za visiwa vya Karibi zikasimama mahali pa matoke. Hivyo mzao wa Gujarat aliyezaliwa Uganda akanunua chakula chake cha Kiafrika kwa mzao wa Afrika aliyezaliwa Jamaika. Sidhani walielewana sana. Masimulizi ya miaka ile yana mvutano wa kutosha kati ya jamii hizo mbili. Lakini mizani ilikuwa moja.

Harufu ilikuwa tatizo la kisiasa. Madirisha yalifungwa tangu Oktoba hadi Aprili, na mafuta ya kukaangia, vitunguu na bizari ya pilau viliingia katika makoti yaliyotundikwa ukutani. Mtoto aliyevaa koti hilo kwenda shule alibeba jiko la mama yake darasani, na wenzake walimwambia. Wenye nyumba za kupangisha walitumia harufu kama sababu ya kukataa wapangaji. Tusilione hili dogo. Mtu anaweza kubadili jina, lafudhi na mavazi. Koti la sufu haliongopi.

Nifike sasa kwenye lugha. Kigujarati na Kikachi cha Afrika Mashariki kina maneno ya Kiswahili ambayo Mgujarati wa Ahmedabad hayaelewi: mogo kwa muhogo, jugu kwa njugu, kisu, sufuria, fagio, kuku, maragwe, dudu. Yapange maneno hayo, msomaji, uyatazame kwa pamoja. Ni ya jikoni, ya uani, ya kufagia, ya sokoni. Hutakuta neno la Kiswahili la ndoa, la sala, la ushairi, la urafiki. Maneno ya kuazimwa hutuonyesha mahali ambapo watu wawili walisimama walipoazimana, na hapa yanaonyesha kizingiti cha jikoni. Upande wetu nao ulichukua: duka, chapati, achari, kachumbari, bepari. Ya biashara na ya sahani. Karibu miaka themanini ya kuishi mji mmoja, na mpaka wa mazungumzo ni mlango wa nyuma.

Nilipokuwa nikisoma Uingereza nilipita Leicester mara kadhaa. Siku moja ya Januari, katika duka la vyakula la Belgrave, nilikuwa nikizungumza na simu kwa Kiswahili huku nikichagua muhogo. Bibi mmoja mwenye umri wa kama miaka themanini, amevaa sari na juu yake jaketi la theluji, alinishika mkono kwa furaha ambayo ilinitia haya. Alikuwa amezaliwa Mbale. Akanipokonya muhogo, akauvunja ncha, akanionyesha weupe wa ndani. "Angalia. Hii mbaya. Weka. Chukua ile. Lete." Tulisimama pale kwa muda mrefu, naye akazungumza Kiswahili kwa dakika kumi, kwa upendo wa dhahiri, na kila kitenzi chake kilikuwa amri. Hakujua namna nyingine. Hakuna aliyewahi kumfundisha, kwa sababu mtu aliyemfundisha Kiswahili hakuwa mtu wa kuombwa. Sikuona kiburi kwake hata chembe. Niliona muundo mzima wa jamii umehifadhiwa katika sarufi ya bibi mpole, kama mdudu katika ulimbo.

Na yeye, kama wenzake, alifika Uingereza akawa yeye mwenyewe mtu wa kuamriwa. Nyumba za Leicester hazikuwa na chumba cha uani. Wanawake ambao hawakuwahi kuosha sufuria wala kufanya kazi ya mshahara waliamka gizani, wakapika chapati za siku nzima, wakazifunga katika karatasi ya fedha, wakaenda viwandani: nguo za kufuma, taipureta, kuosha picha. Mei 1974 wafanyakazi wa Kiasia wa kiwanda cha Imperial Typewriters, Leicester, wengi wao wakiwa wametoka Afrika Mashariki, waligoma kwa ajili ya malipo na ubaguzi. Agosti 1976 katika kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, kaskazini-magharibi ya London, Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat aliyepitia nchini kwetu Tanganyika kabla ya kufika Uingereza, aliongoza mgomo uliodumu hadi Julai 1978. Magazeti yaliwashangaa "wagomaji waliovaa sari" wakisimama langoni katika baridi mbili mfululizo. Naona katika migomo hiyo somo ambalo Kampala haikuwafundisha: kukaa upande wa yule anayeamriwa.

Huku nyuma mambo yalikwenda kwa kejeli yake. Viwanda vya sukari vilidorora na sukari ikawa bidhaa adimu katika nchi iliyokuwa ikiuza sukari nje. Chai ya mkavu ikanywewa Jinja, mji ulio jirani na mashamba ya miwa. Mwaka 1973 Amin akatangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa la Uganda, mwaka mmoja tu baada ya kuwatimua watu ambao sasa walikuwa wakikitumia kuitana mezani huko Leicester. Nasi Watanzania tusijitoe haraka. Mwalimu Nyerere aliulaani ubaguzi wa Amin waziwazi, na katika hilo alikuwa na haki. Lakini Aprili 1971, mwaka mmoja kabla, sheria yetu ya kutwaa majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ilikuwa imewagusa Waasia kuliko kundi lingine lolote, na maelfu wakafunga virago kimyakimya. Sheria ile haikutaja rangi ya mtu. Wenye kuondoka walijua ilivyosomeka mitaani.

Leo muhogo wa kukaanga unauzwa katika baa na mikahawa ya Wembley na Harrow kwa jina la mogo, pamoja na ukwaju au pilipili, na Waingereza vijana wanaudhani ni wa India. Yasmin Alibhai-Brown, mwandishi aliyezaliwa Kampala na kufika Uingereza mwaka 1972, ameandika kitabu kizima, The Settler's Cookbook, kinachosimulia maisha haya kwa njia ya mapishi. Ni kazi ninayoiheshimu. Bado nangoja kitabu cha pili, cha wapishi wenyewe wa Kampala, Jinja na Mbale, ambao wakati huu ninapoandika wamebaki wachache mno, na ambao majina yao katika picha za familia zile huwa ni jina la kwanza tu, au hakuna.

Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hiyo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ina jedwali la jamii asilia, nao hawakuwekwa humo. Wamekuwa wakidai waingizwe. Wakati wanasheria wakibishana, nenda Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere, ukamtazame kijana anayepika "roleksi": mayai mawili yamekorogwa kwa nyanya na kabichi, yamemwagwa juu ya bamba la chuma, yakafunikwa kwa chapati na kuviringishwa katika gazeti. Jiko lake la makaa huitwa sigiri, neno lililotoka kwa Wahindi. Kijana huyo alizaliwa miaka mingi baada ya ndege ya mwisho kuondoka Entebbe. Chakula chake hunasibishwa na Busoga.